Kutazama Wanawake Wakicheza Gofu

Mpira wa miguu tunaujua. Bao tunalijua, na ngoma tunazijua. Lakini gofu ni mchezo ambao wengi wetu tumeusikia redioni tu. Wengine husema ni mchezo wa matajiri. Wengine husema ni mchezo wa wanaume.

Katika somo hili tutasoma habari za wanawake ambao gofu ndiyo kazi yao. Tutajifunza mtu anayekwenda kuwatazama afanye nini. Mwishoni tutasoma jinsi namba moja tu, iliyoandikwa vibaya, ilivyomnyima mwanamke mmoja ushindi wake.

1. Gofu huchezwaje?

Kiwanja cha gofu ni kikubwa sana. Chaweza kuwa na ekari 100 na zaidi. Ni kama mashamba ya watu wengi yaliyounganishwa. Ndani yake kuna majani yaliyokatwa vizuri, miti, mabwawa ya maji na mashimo makubwa yaliyojazwa mchanga.

Katika kiwanja kamili kuna vituo 18. Kila kituo kina mahali pa kuanzia, na mbali kidogo kina tundu dogo ardhini. Tundu hilo ndilo huitwa shimo. Upana wake ni karibu sentimita 11. Kikombe cha chai huingia ndani yake. Penye shimo husimamishwa bendera ili mchezaji alione kutoka mbali.

Mpira wa gofu ni mdogo na mgumu. Uzito wake hauzidi gramu 46. Ni mwepesi kuliko yai kubwa la kuku. Mchezaji huupiga kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Kisha huenda kwenye kituo cha pili, halafu cha tatu, mpaka amalize vyote 18.

Mchezaji anaruhusiwa kuwa na fimbo zisizozidi 14. Kwa nini nyingi hivyo? Fikiri juu ya seremala. Ana patasi nyembamba na patasi pana, na kila moja ina kazi yake. Fimbo za gofu ni hivyo hivyo. Moja hupeleka mpira mbali, zaidi ya mita 200. Nyingine huutoa mpira mchangani. Nyingine huusukuma polepole mpaka shimoni.

Kila pigo huitwa mkwaju. Mikwaju yote huhesabiwa na kuandikwa. Hapa gofu hutofautiana na mpira wa miguu. Katika mpira wa miguu mwenye mabao mengi hushinda. Katika gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

Kila shimo lina kipimo chake. Shimo la karibu lina kipimo cha mikwaju 3. La wastani lina 4. La mbali lina 5. Ukijumlisha mashimo yote 18, mara nyingi kipimo cha kiwanja kizima huwa 72. Mchezaji aliyepiga mikwaju 70 yuko chini ya kipimo kwa mikwaju 2. Huyo amecheza vizuri. Aliyepiga 75 amezidi kipimo kwa mikwaju 3.

2. Mchezaji wa kulipwa ni nani?

Wako wachezaji wa ridhaa. Hawa hucheza kwa kupenda, na wana kazi zao nyingine. Wako pia wachezaji wa kulipwa. Hawa hula kwa mchezo wao.

Sisi watu wa Tabora tunaweza kuelewa jambo hili kwa urahisi. Katika karne ya 19, Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo 30 kwa miezi miwili au mitatu. Kuna watu waliotembea hivyo mara moja tu. Lakini wengine waliifanya kuwa kazi yao ya miaka mingi. Walijua njia, walijua namna ya kufunga mzigo, na walipatana juu ya ujira kabla ya kuondoka. Wanawake nao walikuwamo katika misafara. Walibeba vyungu, chakula na watoto wao.

Mpagazi wa namna hiyo alikuwa mtu wa kulipwa. Aliishi kwa ustadi wake na nguvu za miguu yake. Mchezaji gofu wa kulipwa ni hivyo hivyo. Hushinda akitembea juani, na chakula chake kinategemea kazi ya siku hiyo.

Nchini Marekani, wanawake 13 walianzisha chama chao cha wachezaji gofu wa kulipwa mwaka 1950. Huko Ulaya, wanawake walianzisha chama chao mwaka 1978. Chama hicho cha Ulaya leo huitwa Ladies European Tour. Wachezaji wake husafiri nchi hadi nchi kushindana. Ndio waliokuja Afrika Mashariki.

3. Mashindano ya Vipingo

Mwezi wa Desemba 2019, wachezaji hao walikuja Kenya kwa mashindano yaliyoitwa Magical Kenya Ladies Open. Yalifanyika Vipingo, katika Kaunti ya Kilifi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanja chenyewe huitwa Baobab, yaani Mbuyu. Kiko juu ya kilima, na ukisimama huko unaiona Bahari ya Hindi.

Mashindano yalikwenda kwa siku nne. Kila siku mchezaji alicheza mashimo 18. Siku ya mwisho, Esther Henseleit wa Ujerumani alianza akiwa nyuma ya wenzake. Alikuwa na umri wa miaka 20. Alicheza vizuri mno siku hiyo. Mwishowe alimshinda Aditi Ashok wa India kwa mkwaju mmoja tu. Siku nne za kutembea, na tofauti ikawa mkwaju mmoja!

Katika miaka ya 2020 na 2021 mashindano hayo hayakufanyika kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Yalirudi mwaka 2022. Mwaka 2023 Aditi Ashok alikuja tena Vipingo. Safari hii alishinda yeye, tena kwa tofauti ya mikwaju 9. Aliyeshindwa kwa mkwaju mmoja hakukata tamaa.

Mwaka 2024 mshindi alikuwa Shannon Tan wa Singapore, msichana wa miaka 19. Zawadi zote za mwaka huo zilikuwa euro 300,000. Yeye alipata euro 45,000. Mwaka huo huo, Esther Henseleit alipata nishani ya fedha katika michezo ya Olimpiki huko Paris.

4. Wanaorudi mikono mitupu

Msomaji akisikia fedha hizo anaweza kudhani wanawake wote hawa ni matajiri. Sivyo. Tazama utaratibu ulivyo.

Wachezaji wote hucheza siku ya kwanza na ya pili. Kisha hufanywa mchujo. Kama 60 hivi walio mbele huendelea na siku mbili za mwisho. Waliobaki hufunga mizigo. Mchezaji wa kulipwa aliyetoka katika mchujo kwa kawaida hapati zawadi yoyote.

Lakini gharama amekwisha kulipa. Amelipa nauli ya ndege. Amelipa chumba na chakula. Amelipa mtu wa kumbebea mfuko. Yeye ni kama mkulima aliyenunua mbegu na mbolea, akalima, akapalilia, kisha mvua ikakata.

Kwa hiyo ukienda kutazama mashindano, siku ya pili jioni ndiyo ya kuangalia sana. Utamwona mchezaji anasukuma mpira wa hatua mbili tu. Ukiingia, amebaki. Usipoingia, amekwenda nyumbani. Mikono yake inaweza kutetemeka. Wakati kama huo, kikohozi cha mtazamaji mmoja kinaweza kumharibia kazi. Ndiyo sababu mtazamaji wa gofu ana adabu zake.

5. Kujitayarisha kwa safari

Kwanza ulizia kama mashindano yapo mwaka huo. Hayafanyiki kila mwaka. Ulizia pia tarehe, na kama kuna kiingilio. Usifunge safari kwa maneno ya kusikia tu.

Kutoka Tabora, msafiri anaweza kwenda pwani kwa basi au kwa gari moshi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Inapita Manyoni, Dodoma na Morogoro mpaka Dar es Salaam. Safari iliyomchukua mpagazi miezi, leo ni safari ya siku moja au mbili. Tena tangu mwaka 2024 iko reli mpya ya treni za umeme kati ya Dodoma na Dar es Salaam.

Kutoka Dar es Salaam hupanda basi la Tanga, na kutoka Tanga huenda mpakani Horohoro. Hapo onyesha hati yako ya kusafiria. Ng'ambo ya mpaka ni Lunga Lunga, nchi ya Kenya. Mbele ni Likoni, ambako watu huvuka kwa feri kuingia mjini Mombasa. Kutoka Mombasa shika njia ya Malindi. Utapita Nyali na Mtwapa, kisha utafika Vipingo.

Safari hiyo ni ya gharama, na si kila mtu ataiweza. Lakini gofu ipo pia hapa kwetu. Viko viwanja Dar es Salaam, Morogoro, Arusha, Moshi na Zanzibar. Mwaka 2024 yalianza mashindano ya Lina PG Tour, kwa kumkumbuka marehemu Lina Nkya, mwanamke Mtanzania aliyecheza gofu. Adabu za mtazamaji ni zile zile, iwe ni Vipingo au Morogoro.

Vitu vya kuchukua ni hivi:
(a) Viatu vya kutembelea. Kuzunguka kiwanja chote ni safari ya kama kilomita 8 au zaidi.
(b) Kofia au kitambaa cha kichwa. Pwani jua ni kali.
(c) Maji ya kunywa.
(d) Kalamu na karatasi. Utaona faida yake baadaye.

6. Adabu za mtazamaji

Katika mpira wa miguu watazamaji hukaa mahali pamoja. Katika gofu wewe ndiye unayeufuata mchezo kwa miguu. Hakuna ukuta kati yako na mchezaji. Mara nyingi ni kamba tu. Shika mambo haya:

(a) Mchezaji akijitayarisha kupiga, simama kabisa. Usitembee, usinong'one, usifungue mwavuli.
(b) Zima mlio wa simu. Usipige picha wakati mchezaji anapiga mpira.
(c) Kaa nyuma ya kamba. Wasimamizi wakiinua mikono, nyamaza.
(d) Usikanyage majani mafupi sana yaliyozunguka shimo. Usipite kwenye mashimo ya mchanga.
(e) Usiokote mpira wowote ulioanguka kiwanjani. Mpira huo si uliopotea. Mwenyewe anakuja kuupiga hapo ulipo.
(f) Ukisikia mtu akipaza sauti "Foo!", ujue mpira unakuja upande wako. Usiinue kichwa kuutafuta. Inama na ufunike kichwa kwa mikono. Mpira huo ni mgumu na una mwendo mkali. Unaweza kuumiza sana.
(g) Mchezaji akipiga vizuri, piga makofi. Akikosea, usimzomee wala usicheke.

Habari hizi zilipozungumzwa katika darasa moja la kisomo, mzee mmoja aliuliza, "Mwalimu, mchezo gani huu wa kukaa kimya kama msibani? Raha yake iko wapi?"

Kabla mwalimu hajajibu, mama mmoja alisema, "Babu, ulipokuwa ukiwinda swala, ulipiga kelele?"

"Hapana, mwanangu. Swala angekimbia."

"Na ulipompata?"

Mzee alicheka. "Tulipiga kelele mpaka kijijini."

"Basi na gofu ni hivyo hivyo, babu. Mpira ukiingia shimoni, hapo piga makofi upendavyo."

Mama yule alisema kweli.

Mtazamaji anaweza pia kumsaidia mchezaji. Wakati mwingine mpira huingia vichakani. Sheria inampa mchezaji dakika 3 tu za kuutafuta. Dakika zikiisha, mpira umepotea. Huongezewa mkwaju mmoja wa adhabu, na hurudi kupiga tena pale alipopigia kwanza. Ikiwa wewe ulikuwa karibu na uliona mpira ulipoanguka, onyesha kwa mkono. Usiuguse. Onyesha tu. Jicho lako limeokoa jasho la mtu.

7. Kutembea au kukaa?

Wako watazamaji wa namna mbili. Wa kwanza humchagua mchezaji mmoja na kumfuata mashimo yote 18. Hii ni njia nzuri ya kujua tabia ya mchezaji. Utamwona akifurahi, akikasirika, akijituliza na kuanza upya. Mzunguko mmoja huchukua saa 4 au 5.

Wa pili hutafuta kivuli karibu na shimo moja na kukaa hapo. Wachezaji wote hupita mbele yake, wawili wawili au watatu watatu. Ataona watu wengi wakilitatua tatizo lile lile kwa njia mbalimbali. Kwa wazee na kina mama wenye watoto, njia hii ni bora.

Popote utakapokuwa, mtazame pia mbeba mfuko. Wachezaji humwita kedi. Mfuko wenye fimbo, maji na mwavuli waweza kufika kilo 15. Hiyo ni karibu frasila moja, nusu ya mzigo wa mpagazi wa zamani. Lakini kedi hafanyi kazi ya kubeba tu. Hupima umbali, hutazama upepo, na humshauri mchezaji achukue fimbo ipi. Katika Kenya na Tanzania, wachezaji wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mifuko ya watu wengine. Walitazama, wakajifunza, wakajaribu wenyewe.

8. Kusoma ubao wa matokeo

Karibu na kiwanja huwekwa ubao wenye majina na namba. Mtu asiyejua kusoma ataona alama tu. Wewe unaweza kuuelewa.

Kwanza yapo majina. Aliye juu kabisa ndiye anayeongoza. Mbele ya jina huandikwa namba inayoonyesha tofauti yake na kipimo. Ukiona alama ya kutoa, kama −4, maana yake amepiga mikwaju 4 pungufu ya kipimo. Hiyo ni sifa. Ukiona +4, amezidi kipimo kwa mikwaju 4. Akiwa sawa na kipimo huandikwa herufi E.

Tufanye hesabu ya mfano. Kipimo cha kiwanja ni 72. Mchezaji amecheza siku nne hivi:

Siku ya kwanza: 70
Siku ya pili: 74
Siku ya tatu: 71
Siku ya nne: 69
Jumla: 284

Kipimo cha siku nne ni 72 mara 4, yaani 288. Toa 284 katika 288. Jibu ni 4. Basi mchezaji huyu ataandikwa −4.

Sasa unaona kwa nini tulichukua kalamu na karatasi. Mfuate mchezaji mmoja, uandike mikwaju yake kila shimo. Jioni linganisha hesabu yako na ubao.

9. Mwanamke aliyetia sahihi karatasi yenye kosa

Katika gofu mchezaji haandiki mwenyewe hesabu yake rasmi. Mwenzake anayecheza naye humwandikia, na yeye humwandikia mwenzake. Mwishoni kila mmoja husoma karatasi yake, namba za mashimo yote. Akiridhika hutia sahihi na kuirudisha. Akiisha kuirudisha, kwa kawaida hakuna kusahihisha.

Mwaka 1957 kulikuwa na mashindano makubwa ya wanawake nchini Marekani, katika kiwanja cha Winged Foot, jimbo la New York. Mchezaji mmoja aliitwa Jackie Pung. Yeye alitoka visiwa vya Hawaii. Alipomaliza siku ya mwisho, mikwaju yake ilikuwa 298. Betsy Rawls alikuwa na mikwaju 299. Watazamaji walijua Jackie Pung ameshinda. Walimshangilia.

Kisha karatasi yake ikaangaliwa. Katika shimo la nne alikuwa amepiga mikwaju 6. Mwenzake alikuwa ameandika 5. Jumla ya mikwaju yake yote ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika shimo lile moja. Jackie Pung hakuliona, akatia sahihi.

Sheria ilikuwa wazi. Aliyetia sahihi karatasi yenye mikwaju pungufu ya ile aliyopiga huondolewa. Jackie Pung akaondolewa, na ushindi akapewa Betsy Rawls. Hakuwa mwizi. Hakuna aliyesema alitaka kudanganya. Watu wote walijua idadi ya mikwaju yake. Lakini sahihi ilikuwa yake.

Je, watazamaji walifanya nini? Hawakupigana na wasimamizi. Watazamaji na wenyeji wa kiwanja kile walimchangia fedha. Mchango ule ulizidi zawadi ya mshindi. Hivyo Jackie Pung hakuondoka mikono mitupu. Lakini jina lake halimo katika orodha ya washindi wa mashindano yale.

Ndugu msomaji, habari hii si ya gofu peke yake. Fikiri juu ya mkulima wa tumbaku wa Urambo, Sikonge au Kaliua. Amelima msimu mzima. Amekausha tumbaku yake kwa moto wa kuni. Siku ya soko tumbaku inapimwa. Uzito unaandikwa, daraja linaandikwa, na mkopo wa mbolea unaandikwa. Kisha anaambiwa, "Tia sahihi hapa." Karani anaweza kukosea bila nia mbaya, kama mwenzake Jackie Pung alivyokosea. Kilo 65 zinaweza kuandikwa 56. Mkulima akitia sahihi bila kusoma, jasho lake limepotea. Kurudi kudai baadaye ni kazi ngumu.

Kwa hiyo usisome jumla peke yake. Soma mstari kwa mstari. Foleni ikiwa ndefu, isikuharakishe. Ukiona kosa, sema kwa adabu, lirekebishwe kwanza. Sahihi iwe ya mwisho.

10. Mabinti zetu

Rose Naliaka wa Kenya alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa wachezaji gofu wa kulipwa. Baadaye alianzisha shule ya kuwafundisha watoto mchezo huu, hasa wasichana. Hapa Tanzania, wanawake kama Angel Eaton na Madina Iddi wamecheza gofu kwa niaba ya nchi yetu. Mchezo huu basi si wa wanaume peke yao, wala si wa Wazungu peke yao.

Hatusemi kila msichana wa Tabora acheze gofu. Viwanja viko mbali na fimbo ni ghali. Lakini msichana ana miguu, ana macho na ana akili. Anaweza kukimbia, kucheza netiboli au kusoma mpaka mbali. Mzazi anayemwambia binti yake "hiyo si kazi ya wanawake" na akumbuke mama zetu waliotembea katika misafara mpaka Bagamoyo, vyungu kichwani na watoto mgongoni. Nani aliwaambia hawawezi?

Ikiwa siku moja utapata nafasi, nenda ukatazame. Ikiwa hutapata, sikiliza redio au soma gazeti. Ukikuta majina na namba za wachezaji, sasa unaweza kuzisoma na kuzielewa.

Maswali

1. Kiwanja kamili cha gofu kina mashimo mangapi?
2. Nini tofauti kati ya mchezaji wa ridhaa na mchezaji wa kulipwa?
3. Kwa nini mtazamaji anatakiwa kunyamaza mchezaji anapojitayarisha kupiga?
4. Ukiona mpira wa mchezaji umeingia kichakani, utafanya nini? Hutafanya nini?
5. Mchezaji amepiga 73, 70, 72 na 68 kwa siku nne. Kipimo cha kila siku ni 72. Jumla yake ni ngapi? Ubaoni ataandikwa vipi?
6. Jackie Pung alikosea wapi? Je, mliona hukumu ile ilikuwa ya haki? Jadilianeni.
7. Taja karatasi tatu ambazo watu wa kijiji chenu hutia sahihi. Ni mambo gani ya kusoma kabla ya kutia sahihi?

Maneno mapya

Kedi: mtu anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo na kumshauri.
Kipimo: idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari hutazamiwa kupiga.
Mchujo: kuwapunguza wachezaji na kubakiza walio mbele.
Mkwaju: pigo moja la mpira katika gofu.
Ridhaa: kufanya jambo kwa kupenda, bila malipo.
Frasila: kipimo cha zamani cha uzito, karibu kilo 16.